Jeni ya Mwituni Isitumwe Shambani Peke Yake

Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda, kutu ya shina, ugonjwa unaoletwa na kuvu, ilionekana kwenye ngano iliyobeba jeni ya Sr31. Jeni hiyo ilikuwa imezilinda aina nyingi za ngano, katika mabara kadhaa, kwa miongo. Asili yake haikuwa ngano. Ilitoka kwa rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa wa ngano, na ni wanasayansi walioihamisha. Kuvu iliyoishinda ikapewa jina la Ug99. Kufikia 2001 ilikuwa Kenya, 2003 Ethiopia, 2006 Sudan na Yemen, 2007 Iran, 2009 Tanzania.

Ubishi uliozuka hapo haujaisha, na unamhusu kila anayekula chapati au mkate. Hoja inayobishaniwa ni hii: jeni kali ya kuzuia kutu ikipatikana kwa jamaa za mwituni za ngano, mbegu yake itolewe kwa mkulima mara moja, hata kama jeni hiyo iko peke yake. Nimeigawa hoja hii kwa sauti nne: mkulima wa Narok, mzalishaji mbegu, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, na mwanafunzi wa kilimo. Sauti hizi nimezitunga ili kila upande useme kwa nguvu zake zote. Msimamo wangu umeshajulikana kwenye kichwa cha makala, lakini upande wa pili una haki ya kusikilizwa kwanza.

Hoja yawekwa mezani

MKULIMA: Ninaiunga mkono hoja, tena bila kusita. Kutu ya shina haina subira. Leo shamba ni la kijani na masuke yanaanza kujaa. Baada ya wiki chache mashina yametoka vidonda vya rangi ya matofali, ukipita katikati suruali inatoka nyekundu kwa vumbi lake, na punje zimesinyaa hata kombaini inazipeperusha pamoja na makapi. Mimi nilikuwa nimepanda aina ya ngano iitwayo Mwamba. Mwaka 2007 nilivuna majani. Kama mahali popote duniani palikuwa na nyasi yenye jeni ya kunisaidia, ningeitaka msimu ule ule, iwe moja au ziwe kumi.

MTAALAMU WA MAGONJWA: Pole sana, Mama. Lakini jeni unayoiomba ndiyo uliyokuwa nayo. Mwamba ilibeba Sr24, na Sr24 ilitoka kwa nyasi ya mwituni iitwayo Thinopyrum ponticum. Mwaka 2006 tawi la Ug99 lenye uwezo wa kuishinda Sr24 lilionekana hapa Kenya. Mwaka uliofuata likazagaa. Wakati huo Mwamba ilikuwa imepandwa kwenye karibu asilimia 30 ya eneo lote la ngano nchini. Kuvu ilipopata njia ya kuingia, ikakuta theluthi ya mashamba yako wazi. Kwa sababu hiyo ninaipinga hoja.

MZALISHAJI MBEGU: Nami ninaiunga mkono, na sababu zangu si za pupa. Lakini naona kijana wetu ameinua mkono. Tumsikilize, maana bila kuelewa jeni hizi zinaingiaje na zinarithiwaje, tutabishana kwa hisia.

Jeni inavyovuka

MWANAFUNZI: Asante, Daktari. Ngano na nyasi za mwituni ni spishi tofauti. Jeni inavukaje?

MZALISHAJI MBEGU: Inategemea ukaribu wa ukoo. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, yaani seti tatu za jozi saba saba. Seti A ilitoka kwa Triticum urartu, seti B kwa nyasi ya ukoo wa Aegilops speltoides, na seti D kwa Aegilops tauschii, ambayo hadi leo inaota pembezoni mwa Bahari ya Kaspi. Jamaa mwenye seti inayofanana na mojawapo ya hizo anachanganyika na ngano kwa taabu inayovumilika. Mwaka 1916, kule South Dakota, E. S. McFadden aliichavusha ngano ya Marquis kwa emmer iitwayo Yaroslav, ngano ya kale yenye seti A na B pekee. Mbegu zilizopatikana zilikuwa chache mno, lakini katika uzao wake ikatoka aina aliyoiita Hope, na ndani ya Hope ikatoka jeni ya Sr2.

MWANAFUNZI: Na jamaa wa mbali, kama rai?

MZALISHAJI MBEGU: Hapo ngano yenyewe inakataa. Kwenye kromosomu 5B kuna jeni iitwayo Ph1. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kila kromosomu inashikana na pacha wake halisi tu. Bila Ph1, ngano yenye seti tatu zinazokaribiana ingevurugika na uzazi wake kupungua. Lakini ulinzi huo huo unaizuia kromosomu ya rai au ya Aegilops kubadilishana vipande na ya ngano. E. R. Sears, kule Missouri, alikuwa na mmea wa ngano uliobeba kromosomu moja ya ziada kutoka Aegilops umbellulata, yenye jeni ya kuzuia kutu ya majani. Kromosomu nzima ilikuja na kasoro nyingi. Aliupiga mmea miale ya eksirei ili kromosomu zikatike, akatafuta katika uzao wake mmea ambao kipande kidogo chenye jeni kilikuwa kimejiunga na kromosomu ya ngano. Alitangaza matokeo mwaka 1956, na jeni hiyo leo inaitwa Lr9. Baadaye, mwaka 1977, Sears huyo huyo alitoa ngano iliyopoteza Ph1, na njia ya pili ikafunguka: kuiondoa Ph1 kwa muda, kuziacha kromosomu zichanganyike, kisha kuirudisha.

MKULIMA: Kwa hiyo mbegu ninayoinunua kwa gunia ina jasho la watu wa miaka mia moja.

MZALISHAJI MBEGU: Ndiyo, Mama. Usione vyaelea, vimeundwa.

Inavyorithiwa

MWANAFUNZI: Ikishaingia, inarithiwa kama jeni nyingine yoyote?

MTAALAMU WA MAGONJWA: Kwa juu juu, ndiyo. Mwaka 1905 Rowland Biffen wa Cambridge alionyesha kwamba kinga dhidi ya kutu ya manjano inafuata kanuni za Mendel. Katika ngano zake kinga ilikuwa ya kujificha: kizazi cha kwanza chote kiliugua, na katika kizazi cha pili takriban mmea mmoja kati ya minne ukabaki safi. Jeni nyingi zilizotoka mwituni ni za kutawala, kwa hiyo hesabu inageuka na mimea mitatu kati ya minne inakuwa safi. Mwanafunzi anaweza kuwahesabu wagonjwa kwenye trei ya miche na akajua ana jeni moja, bila mashine yoyote.

MZALISHAJI MBEGU: Sasa tuingie ndani zaidi. Baada ya kupata chotara, tunamrudisha kwa mzazi wa ngano mara nyingi, na kila mara sehemu ya mgeni inapungua kwa nusu. Baada ya mizunguko sita, kwa wastani, urithi wa mgeni uliobaki unapaswa kuwa chini ya asilimia 1. Hesabu hiyo inafaa kwa kromosomu zinazobadilishana vipande. Kipande cha rai hakibadilishani na chochote kwa sababu hakina pacha ndani ya ngano. Kinarithiwa kizima, kizazi baada ya kizazi, kama kilivyoingia. Ukiichagua jeni moja ndani yake, umezichagua zote.

MWANAFUNZI: Hiyo ni heri au shari?

MZALISHAJI MBEGU: Vyote viwili. Heri ni hii: mkono mfupi wa kromosomu 1 ya rai, tunaouita 1RS, ulileta Sr31 ya kutu ya shina, Lr26 ya kutu ya majani, Yr9 ya kutu ya manjano na Pm8 ya ugonjwa wa ukungu mweupe, zote kwa pigo moja. Ulienea kupitia ngano za Kisovieti kama Kavkaz na Aurora, kisha kupitia ngano za Veery za CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kilichoko Mexico. Shari ni kwamba mkono huo huo unabeba protini za rai zinazofanya kinyunya kinate mikononi na kwenye mashine za kuoka. Lr19, kutoka Thinopyrum, ilikuja na rangi inayoufanya unga uwe wa manjano. Douglas Knott wa Kanada alilazimika kutafuta mimea iliyobadilika na kuipoteza rangi hiyo. Sr24 ya kwanza ilikuja imefungamana na punje nyekundu.

MTAALAMU WA MAGONJWA: Na vipo vipande ambavyo havifuati hata haki ya Mendel. Baadhi ya kromosomu za Aegilops zina jeni zinazoharibu chavua au mayai yasiyozibeba. Mmea unapaswa kumrithisha mgeni kwa nusu ya watoto; unamrithisha kwa karibu wote. Mtafiti asiyejua hilo atadhani amepata jeni inayotawala ajabu, kumbe amepata jeni inayowaua wenzake.

MKULIMA: Mimi nipewe jibu la jambo moja. Msagishaji akisema ngano yangu inanata au unga wake ni wa manjano, bei inashuka. Hasara hiyo nani anailipa?

MZALISHAJI MBEGU: Wewe, Mama, kama hatukumaliza kazi yetu. Hapo sina utetezi.

Mbegu haichoki

MKULIMA: Basi nielezeni na hili. Kule kwetu, aina ikishaanza kuugua tunasema mbegu imechoka. Tunauziwa nyingine.

MTAALAMU WA MAGONJWA: Mbegu haikuchoka. Ngano hujichavusha yenyewe. Mmea wenye nakala mbili za Sr24 unazaa watoto wenye nakala mbili za Sr24, na wajukuu vivyo hivyo. Ukipima Mwamba leo utaikuta jeni ile ile, mahali pale pale, nzima. Aliyebadilika ni adui. Harold Flor alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1940, akichunguza kutu ya kitani kule North Dakota: kwa kila jeni ya kinga ndani ya mmea, kuna jeni inayolingana nayo ndani ya kuvu. Jeni ya kinga ni mlinzi anayemjua mwizi mmoja kwa sura. Anapomwona anafunga mlango, na seli chache zinakufa ili mmea uishi. Mwizi akibadilisha sura, mlinzi bado yuko kazini, macho yake mazima, lakini hamjui tena.

MWANAFUNZI: Na kubadilisha sura ni rahisi kiasi hicho?

MTAALAMU WA MAGONJWA: Kwa kuvu moja, ni nadra. Lakini shamba lenye ugonjwa linatoa mbegu za kuvu zisizohesabika, na upepo unazichukua kuvuka mipaka ya nchi. Jambo lenye nafasi ndogo likijaribiwa mara nyingi namna hiyo, linatokea. Tena kuvu nayo ina urithi wake. Kila seli ya kutu ya shina ina viini viwili vya kinasaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kiini kimoja cha Ug99 kinakaribia kufanana kabisa na kiini cha ukoo mwingine wa kutu, uliokuwa kusini mwa Afrika tangu miaka ya 1920. Kuvu mbili zilikutana na kubadilishana viini bila hata kupitia uzazi wa kawaida. Sisi tunahangaika miaka na Ph1. Wao walivuka kwa mpigo mmoja.

MKULIMA: Basi kama adui ana mbio hizo, ndiyo kwanza mnipe silaha upesi!

Moja au nyingi

MZALISHAJI MBEGU: Hapo ndipo ninaposimama na Mama. Profesa atasema tukusanye jeni kadhaa kwanza. Ni neno zuri, lakini tazameni gharama yake katika urithi. Ninataka mmea wenye nakala mbili za kila jeni, ili uzao wake usigawanyike. Kwa jeni moja, katika kizazi cha pili, nitaupata mmoja kati ya mimea 4. Kwa jeni mbili zilizo kwenye kromosomu tofauti, mmoja kati ya 16. Kwa tatu, mmoja kati ya 64. Kwa tano, mmoja kati ya 1,024. Na mmea huo uwe na mavuno, unga mzuri, urefu unaofaa, na ukomae kabla ya mvua kuisha. Kibaya zaidi, shambani siuoni: mmea wenye jeni moja kali ni safi sawasawa na mmea wenye jeni nne. Natakiwa kupima alama za DNA, mmea kwa mmea. Ninapofanya hayo, Mama amepanda mara kadhaa na kuvuna majani.

MTAALAMU WA MAGONJWA: Gharama hiyo ninaikubali. Na gharama ya upande wa pili je? Baada ya Mwamba, wakulima walipewa aina ya Robin mwaka 2011. Ilizaa vizuri na ikapendwa. Kinga yake kuu ilikuwa jeni moja, SrTmp. Mwaka 2014 ikaonekana mbari ya ukoo wa Ug99 inayoishinda. Ethiopia walipitia hayo hayo na aina ya Digalu: mwishoni mwa 2013 mashamba ya Bale yaliteketea kwa kuvu ya ukoo mwingine kabisa, iliyoishinda SrTmp hiyo hiyo. Angalieni pia kwamba SrTmp haikutoka mwituni. Ilitoka kwa ngano ya Marekani. Upweke wa jeni ndio ulioiponza, siyo asili yake.

MZALISHAJI MBEGU: Lakini kati ya 2011 na 2014 watu walivuna, Profesa. Watoto walisoma kwa ngano ile. Misimu ile usiifute. Na usiseme kwamba jeni iliyoshindwa ni takataka. Kipande cha Aegilops ventricosa kiitwacho 2NS kiliingizwa kwenye ngano huko Ufaransa, kikileta Yr17, Lr37 na Sr38. Kutu ya manjano iliishinda Yr17 barani Ulaya katika miaka ya 1990. Wangeng'oa kipande chote wangekosea, maana baadaye ilijulikana kwamba kipande hicho kinaikinga ngano dhidi ya mlipuko wa ngano, ugonjwa uliotoka Amerika Kusini ukaingia Bangladesh mwaka 2016, kisha Zambia. Kurithiwa kwa mkupuo kulitupa zawadi ambayo hakuna aliyeiomba.

MTAALAMU WA MAGONJWA: Ninaipokea hoja hiyo yote, na inanisaidia mimi. Kama kipande kinaweza kuwa na thamani tusiyoijua leo, basi ni sababu zaidi ya kutokichezea. Kutangulia si kufika, Daktari. Tazama Sr2 ya McFadden. Tangu miaka ya 1920 iko mashambani na bado inafanya kazi. Haimzuii adui mlangoni. Inapunguza kasi yake. Miche inaugua, mmea mzima unastahimili. Ni jeni ya kujificha, kwa hiyo chotara haionyeshi, na inakuja na weusi kwenye maganda ya masuke ambao mkulima anaweza kuudhania ugonjwa. Wazalishaji wengi wangeitupa. Lr34 nayo ni ya namna hiyo: inapunguza kasi ya kutu zote tatu, na ilipotambuliwa mwaka 2009 ilikutwa ni jeni ya kusafirisha vitu kupita utando wa seli. Haimtambui adui kwa sura, kwa hiyo kubadilisha sura hakumsaidii. Watafiti wa CIMMYT wameonyesha kwamba jeni nne au tano za aina hii zikikutana katika mmea mmoja, kutu inabaki alama ndogo tu.

MKULIMA: Alama ndogo naziweza. Hata jirani yangu mwenye shamba kubwa, anayepuliza dawa ya kuvu zaidi ya mara moja kwa msimu, haachi kuwa na alama. Ila yeye ana trekta ya kupulizia na fedha ya dawa. Mimi nina pampu ya mgongoni.

MWANAFUNZI: Naomba kuleta njia ya tatu. Mwaka 2021 watafiti walichapisha habari za ngano iliyopewa jeni tano pamoja: Sr22, Sr35, Sr45, Sr50 na Sr55. Nne kati yake asili yake ni kwa jamaa za ngano: Sr50 ni ya rai, Sr45 ya Aegilops tauschii, Sr22 na Sr35 za ngano za kale za seti A. Walizitenga moja moja, wakazifunga pamoja na kuzipachika mahali pamoja kwenye kromosomu. Kwa kuwa ziko mahali pamoja, zinarithiwa kama jeni moja. Ile hesabu ya Daktari ya 1,024 inarudi kuwa 4. Na mizigo ya unga wa manjano na kinyunya cha kunata haimo, kwa sababu zimechukuliwa jeni tupu.

MZALISHAJI MBEGU: Umesema kweli, na ningefurahi kuwa na mbegu hiyo. Lakini hilo ni zao lililobadilishwa vinasaba. Sheria, masoko na imani ya walaji vinaamua mengi, na hayo hayaishi maabara.

MTAALAMU WA MAGONJWA: Nami ninaongeza sharti moja. Mbari zinazoishinda Sr35 zipo tayari. Fungu la jeni tano lina nguvu kwa sababu kuvu inatakiwa kuzishinda zote kwa wakati mmoja. Kama wakati huo huo mtu mwingine, ng'ambo ya mpaka, anauza mbegu yenye Sr45 peke yake, na wa tatu yenye Sr22 peke yake, kuvu itazishinda moja baada ya nyingine nje ya fungu, kisha itaingia kwenye fungu ikiwa imeshamaliza kazi. Jeni pweke katika shamba moja inaibomoa kinga ya shamba la jirani. Kwa hiyo uamuzi huu si wa mkulima mmoja na mzalishaji mmoja.

MKULIMA: Profesa, hapo umenigusa. Lakini na mimi niwaguse. Mkikataa kunipa mbegu ya jeni moja, mwaka huo nipande nini? Mnaniomba nisubiri kwa ajili ya jirani, na kwa ajili ya Ethiopia na Iran. Nani atasubiri pamoja nami?

Ninaposimama

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa, na anayeipinga hoja bila kulijibu hajaipinga. Ninaipinga, kwa hiyo nina deni la kulijibu.

Sababu yangu ya kwanza iko katika urithi wenyewe. Mkulima akivuna msimu mmoja kwa jeni pweke, mavuno ni yake. Jeni ikishindwa, hasara ni ya kila ngano yenye jeni hiyo, popote upepo unapofika. Sr31 ilikuwa imeingizwa katika ngano za nchi nyingi, na siku iliposhindwa kule Uganda, ikaanza kutiliwa mashaka katika nchi hizo zote. Ndiyo maana mwaka 2005 mzalishaji mashuhuri wa ngano, Norman Borlaug, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90, alisimama kuionya dunia. Alikuwa na sababu ya kuijali Afrika Mashariki: katika miaka ya 1940, akipambana na kutu nchini Mexico, alitumia mbegu za ngano za Kenya, na mojawapo ya aina zilizotokana nazo iliitwa Kentana.

Sababu ya pili ni kwamba hazina ya mwituni ina mwisho. Jeni za kutu ya shina zilizokwisha kupewa namba ni zaidi ya 60, sehemu kubwa ikiwa imetoka kwa jamaa za ngano, na nyingi zimeshashindwa na mbari moja au nyingine. Zinazobaki zinatafutwa kwenye nyasi za Syria, Iraq, Iran, Uturuki na nchi jirani, mahali ambapo vita na mifugo na ujenzi vinazipunguzia nafasi. Benki ya mbegu ya ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, ilikuwa Aleppo, Syria. Vita vilipoifikia, nakala zilizohifadhiwa kwenye ghala la mbegu la Svalbard, Norwei, ndizo zilizotolewa mwaka 2015 ili mbegu hizo zipandwe upya Morocco na Lebanon. Jamii ya binadamu iliyofanya kazi hiyo yote kuokoa punje chache za Aegilops haina haki ya kuzitumia ovyo.

Sababu ya tatu ni kwamba zana zipo, na moja kubwa iko kwetu. Tangu 2005 kituo cha Njoro, chini ya shirika la utafiti wa kilimo la Kenya ambalo leo ni KALRO, kimekuwa kikipima ngano za nchi nyingi mbele ya Ug99 halisi, misimu miwili kwa mwaka. Mistari ya ngano inasafiri kati ya Mexico na Njoro, inachaguliwa huku na kule, na inayobaki ni ile yenye jeni ndogo ndogo zilizokusanyika. Alama za DNA zinaonyesha jeni ambazo macho hayawezi kuzitofautisha. Hesabu ya 1 kati ya 1,024 inatisha kwa mtu mwenye trei moja ya miche. Kwa kituo chenye maabara, fedha na watu, ni kazi ya kawaida.

Sasa nimjibu mkulima. Subira isiwe mzigo wake peke yake. Wakati mbegu yenye jeni za kutosha inakamilishwa, dawa ya kuvu kwa mwenye shamba dogo iwe na ruzuku, na ushauri wa lini apulize umfikie kwa simu kabla vidonda havijatokea, maana baada ya hapo fedha inapotea. Aina zinazopandwa ziwe nyingi, ili isitokee tena aina moja kufunika karibu theluthi ya nchi. Mbegu bora ikishapatikana, izalishwe kwa wingi haraka. Ni uonevu kutumia miaka mingi kuunganisha jeni kisha mbegu ikae ghalani kwa kukosa wa kuizidisha. Na mkulima aambiwe kilichomo ndani ya gunia: jeni zipi, ngapi, na zipi zimeshashindwa katika nchi jirani. Anayeweza kupima mvua kwa macho na kuamua siku ya kupanda anaweza kuelewa maneno hayo matatu.

KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, huzipima aina mpya katika maeneo mbalimbali kabla hazijaruhusiwa, na nchi jirani zina taratibu zao za namna hiyo. Ninawaomba wanaokaa kwenye vikao hivyo, Nairobi, Dodoma, Kampala na Addis Ababa, wakishasikia mbegu imetoa magunia mangapi kwa ekari, waulize maswali mawili zaidi. Ina jeni ngapi zinazoishinda kutu iliyopo mashambani leo? Na ni wapi pengine jeni hizo hizo zimepandwa zikiwa peke yake? Jibu la swali la kwanza likiwa ni moja, mbegu irudi kwa mzalishaji, na fedha za kuikamilisha ziidhinishwe katika kikao hicho hicho.